Stara na Upepo: Madirisha ya Kairo, Jaipur, Kyoto na Unguja

Saa moja jioni, taa zikishawashwa, ndipo dirisha la nyumba nyingi za Dar es Salaam na Mombasa linaposhindwa kazi. Mchana kutwa pazia lilikuwa limekusanywa pembeni, upepo ukiingia na kutoka. Sasa giza limetanda, sebule inang'aa, na kila apitaye njiani anaona nani amejilaza kwenye kochi na nani anakula nini. Pazia linavutwa. Macho ya watu yanabaki nje, na upepo nao unabaki huko huko. Feni inawashwa, hewa ile ile yenye moto inazungushwa chumbani hadi usiku wa manane, na miezi ya joto watoto wanateremka kitandani kwenda kulala sakafuni.

Tumeizoea hali hii hata tunaiona kuwa ni maumbile: anayetaka stara aache upepo, anayetaka upepo aache stara. Mimi naikataa. Ukiyalinganisha madirisha ya miji ya joto iliyojengwa kabla ya umeme, utaona kwamba mafundi wake hawakumwekea mwenye nyumba uchaguzi mchungu kama huo. Hawakulitaka pazia moja lifanye kazi tatu, yaani kuzuia jicho, kupitisha hewa na kupamba nyumba. Waligawa kazi hizo: wengine kwa kimo cha dirisha, wengine kwa tabaka, wengine kwa majira ya mwaka, na wengine kwa adabu za wakaao ndani na wapitao nje. Sisi ndio tuliozitwika zote juu ya kitambaa kimoja kizito.

Ugawaji wa kimo ulifika kilele chake Kairo. Mashrabiya ni kizimba cha mbao kilichotokeza nje ya ukuta wa ghorofa, kikazungushiwa kimia cha vijiti vilivyokerezwa na kuunganishwa kimoja baada ya kingine. Katika Bayt al-Suhaymi, nyumba ya tajiri iliyoanza kujengwa mwaka 1648 na kupanuliwa mwaka 1796, mtu anaweza kusimama leo nyuma ya vimia hivyo na kuona jinsi vinavyofanya kazi. Misri haina misitu ya mbao nzuri. Mbao iliagizwa kutoka ng'ambo na bei yake ilikuwa kubwa, kwa hiyo fundi alijifunza kutumia vipande ambavyo seremala wa nchi yenye miti angevitupa jikoni. Vijiti hivyo hushikana kwa kuchomekana. Mbao ikivimba kwa unyevu au ikisinyaa kwa jua, kimia chote kinajinyoosha na kujikunja bila kupasuka.

Mtu aliyetueleza vizuri kuliko wote thamani ya kazi hii ni Hassan Fathy, msanifu majengo wa Misri aliyeishi kati ya 1900 na 1989. Katika kitabu chake Natural Energy and Vernacular Architecture, kilichochapishwa mwaka 1986, anaitaja mashrabiya kuwa na kazi tano: kudhibiti mwanga, kudhibiti mwendo wa hewa, kupooza hewa hiyo, kuiongezea unyevu, na kulinda stara. Lililonivutia mimi zaidi ni namna nafasi zilivyopangwa. Chini, usawa wa macho ya mtu aliyeketi au kusimama, vijiti husongamana na matundu huwa madogo. Juu, karibu na dari, matundu hupanuka. Sehemu ya chini ndiyo inayositiri na kukata ukali wa jua. Sehemu ya juu, ambako hakuna uso wa mtu wa kuonekana, ndiyo inayopitisha upepo kwa wingi. Hata umbo la kijiti lina sababu: kwa kuwa ni cha mviringo, mwanga unakizunguka taratibu kutoka weupe hadi kivuli, na jicho la aliye ndani haliumizwi na mistari mikali ya mwanga na giza inayoletwa na vyuma bapa vya madirisha yetu.

Na urembo je? Fundi alipobadilisha mpangilio wa vijiti aliweza kuchora nyota, taa ya msikitini, hata maandishi, bila kuongeza kitu chochote juu ya dirisha. Pambo lilikuwa ni nafasi zenyewe.

Kabla hatujahama Kairo, msomaji wa pwani awe mwangalifu na kazi mbili kati ya zile tano. Ndani ya mashrabiya watu waliweka mitungi ya maji ya udongo, upepo ukapita juu yake na kupoa. Mbao yenyewe hunywa unyevu wa usiku na kuurudisha hewani jua linapoipiga. Kaskazini mwa India walikuwa na hila ya namna hiyo: walitundika milangoni mapazia ya mizizi ya khas, wakayamwagia maji wakati wa hari, na nyumba nzima ikanukia huku ikipoa. Hila hizi ni za nchi kavu. Hewa ya Tanga au Malindi imekwisha kujaa maji, haina tena nafasi ya kupokea mengine. Ukiiongezea unyevu unamwongezea mtu jasho. Kinachompoza mtu wa pwani ni mwendo wa hewa juu ya ngozi yake, na mwendo huo unahitaji uwazi mkubwa. Kwa hiyo tukopeshwe mgawanyo wa juu na chini, mitungi ibaki Misri. Nalisisitiza hili kwa sababu siku hizi mbao zilizokatwa kwa mashine zenye michoro ya kimia zinabandikwa kwenye hoteli na majumba ya pwani kama nembo ya Uarabuni, matundu yakiwa sawasawa toka chini hadi juu, na nyuma yake kuna kioo kisichofunguka. Huo ni mchoro wa mashrabiya. Kazi yake imeachwa.

Ng'ambo ya bahari yetu, Gujarat, fundi alichagua jiwe. Msikiti wa Sidi Saiyyed mjini Ahmedabad ulijengwa mwaka 1573, na mwenye kuujenga alikuwa Mhabeshi, mmoja wa Waafrika waliopanda ngazi hadi kuwa watu wakubwa katika dola ya masultani wa Gujarat. Madirisha yake ni nusu duara za jiwe lililotobolewa, na mashuhuri kuliko yote lina mti ambao matawi yake yanapindana na kujaza uwazi mzima. Taasisi ya usimamizi ya Ahmedabad imeufanya mti huo kuwa nembo yake. Sijui dirisha jingine linaloonesha wazi kiasi hicho kwamba kupamba na kupitisha hewa vyaweza kuwa tendo moja: kila patasi ilipoingia, ilitengeneza jani na njia ya upepo kwa pigo lile lile.

Jaipur walikwenda mbali zaidi kwa wingi. Hawa Mahal, iliyojengwa mwaka 1799 kwa amri ya Maharaja Sawai Pratap Singh na kubuniwa na Lal Chand Ustad, ina ghorofa tano na vidirisha 953 upande wa barabara. Watalii hupiga picha uso huo na kuondoka. Siri ya ubaridi wake iko nyuma: ghorofa tatu za juu zina kina cha chumba kimoja tu. Upepo ukipenya matundu ya mbele unakuta mlango wa kutokea, kwa hiyo unapita. Hili ndilo tunalolisahau tunapobishana juu ya pazia gani linunuliwe. Dirisha lisilo na tundu la pili la kutolea hewa, hata ulifungue wazi kabisa, hupata upepo kidogo sana.

Siwezi kuyasifu madirisha 953 bila kusema yalijengwa kwa ajili ya nani. Yalikuwa ya wanawake wa jumba la kifalme, ambao hawakuruhusiwa kushuka barabarani. Maandamano na sherehe za mji wao waliziona kupitia matundu. Vivyo hivyo Kairo, vivyo hivyo katika roshani zilizofungwa za Lima, Peru, ambako ufundi wa Waarabu wa Andalusia ulifikishwa na Wahispania. Kimia kilimpa mwanamke uwezo wa kuona asionekane, na wakati huo huo kilikuwa ukuta wa kumzuia. Kwa hiyo ninapolinganisha mila hizi, kipimo changu cha kwanza ni mkono: je, aliye ndani anaweza kulibadilisha dirisha lake atakavyo, kulifungua, kulifumba, kulipunguza? Jiwe la Ahmedabad, kwa uzuri wake wote, halina jibu kwake. Limekwisha kuamua kwa niaba yake.

Brazil inatufundisha kwamba dirisha laweza kuuawa kwa aibu. Mwaka 1808 familia ya kifalme ya Ureno, ikikimbia majeshi ya Napoleon, ilihamia Rio de Janeiro. Nyumba za mji huo zilikuwa na vimia vya mbao mbele, urithi wa Wareno kutoka kwa Waarabu. Mwaka uliofuata mkuu wa polisi, Paulo Fernandes Viana, aliamuru vibomolewe, kwa kuwa vilionekana ni ushamba usioufaa mji mkuu wa mfalme. Vioo vikachukua nafasi yake, katika mji wa tropiki. Ilipita zaidi ya karne moja ndipo nchi hiyo ikarejea ilikotoka kwa njia nyingine. Mwaka 1929 mjini Recife wahandisi watatu, Coimbra, Boeckmann na Góis, walibuni tofali la saruji lenye matundu lililoitwa cobogó. Kisha, kati ya 1936 na 1945, jengo la Wizara ya Elimu na Afya mjini Rio, lililosanifiwa na Lúcio Costa na wenzake akiwamo Oscar Niemeyer, Le Corbusier akiwa mshauri, likafunikwa upande wake wa kaskazini kwa vibao vikubwa vya kukinga jua ambavyo mfanyakazi anaweza kuviinamisha. Tofali za matundu tunazijua sana sisi: ziko kwenye ngazi za maghorofa ya zamani ya Upanga na Kariakoo, na ngazi hizo mara nyingi ndiyo sehemu yenye ubaridi kuliko zote katika jengo. Wajenzi wa leo wanaziona za kimaskini. Ni aibu ile ile ya Rio.

Tufike Unguja. Mji Mkongwe, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, ni mahali ambapo mila nyingi za dirisha zilipanga nyumba jirani. Nyumba ya Kiarabu ina uso mkavu kwa barabara na moyo wake uko uani. Nyumba ya Kihindi ina duka chini na roshani ya mbao juu, na ile ya hospitali ya zamani ya Tharia Topan, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887, ndiyo iliyochongwa kwa ufasaha kuliko zote. Katika roshani za namna hii utauona ugawaji wa kimo tena: chini mbao zilizochongwa au kutobolewa za kusitiri miguu na viti, katikati madirisha ya vibao, juu yake kimia au vioo vya rangi.

Kwenye kibao cha kuinamisha tusimame kidogo, kwa maana ndicho kilicholeta mkono ninaouzungumzia. Ulaya nayo ilikifanyia kazi: mwaka 1769 Edward Bevan wa London alipata hataza ya pazia la vibao vinavyoinamishwa kwa kamba, lile linaloitwa hadi leo la Venisi. Lakini Ulaya ya kaskazini ililiweka ndani, nyuma ya kioo, ambako jua limekwisha kuingia na kugeuka kuwa joto ndipo likutane na kibao. Miji ya Mediterania na Unguja walikiweka kibao nje, jua likomee hapo. Tofauti hii ni kubwa kuliko tofauti yoyote ya rangi au kitambaa. Genoa waliongeza jambo jema: sehemu ya chini ya dirisha la vibao ina bawaba yake, inasukumwa nje peke yake, na mwenye nyumba anachungulia barabarani na kupata hewa huku sehemu ya juu imefungwa.

Angalia kibao kinavyofanya kazi. Ukingo wake wa nje ukishuka chini na wa ndani ukipanda, mvua inateleza nje. Mtu aliye barabarani akiinua macho, njia pekee aliyoachiwa kati ya kibao na kibao inampeleka darini, haoni mtu. Jirani wa ghorofa ya mkabala, anayetazama kutoka juu, anazuiwa kabisa. Na aliye ndani, akisogea karibu, anaona barabara nzima. Hasara yake ni kwamba upepo nao unaelekezwa darini, unapita juu ya kichwa cha aliyelala. Ndiyo maana kibao kilichogandishwa kwa misumari ni nusu ya kazi. Kinachogeuzwa kinakuwezesha kukilaza mlalo taa ikizimwa, hewa ikujie kitandani, na kukiinamisha tena asubuhi.

Kwamba dirisha la Unguja lilikuwa na nguvu yake tunajua kutoka kwa mtu aliyeishi humo. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, anasimulia katika kumbukumbu zake zilizotoka kwa Kijerumani mwaka 1886 kwamba nyumba ya mfanyabiashara Heinrich Ruete ilipakana na yake, paa lake likiwa chini, na kwamba kutoka dirisha la ghorofani alikuwa akizitazama karamu za wageni wa Kizungu. Urafiki ulianzia hapo. Mwaka 1866 aliondoka Unguja, na mwaka uliofuata wakaoana Aden. Dirisha lililotengenezwa ili mwanamke asionekane lilimtosha mwanamke huyu kuona maisha mengine.

Lamu, iliyoingia katika orodha ile ile mwaka 2001, ilitatua jambo hili karibu bila dirisha la barabarani. Nyumba za matumbawe na chokaa za karne ya 18 zina kuta nene, na mgeni anapokelewa kwa hatua: dakani penye baraza ambako wanaume huketi na kuzungumza, kisha tekani, mahali pa kukata kona ili jicho la mpita njia lisifike mbali, kisha kiwanda kilicho wazi kwa mbingu, kisha misana, na mwisho ndani, chumba cha faragha kuliko vyote. Mwanga na hewa huja kutoka kiwandani. Stara hapa imegawanywa kwa kina cha nyumba, kila hatua ikipunguza watu wenye haki ya kuendelea mbele. Ni ufumbuzi mzuri, ila unataka kiwanja na mali, na vyumba vya mwisho huwa na giza na hewa nzito. Sidhani kama ndiko pa kurudi kwa mtu anayejenga kwenye kiwanja kidogo cha Mbagala.

Kilichobaki kwetu sote kutoka mila hizi, na ambacho hakuna mtaalamu anayekiheshimu inavyostahili, ni pazia la mlangoni. Kitambaa chepesi kilichopitishiwa waya au kamba, kikaachwa kining'inie bila kufika sakafuni. Mlango uko wazi mchana kutwa, upepo unapita chini na pembeni ya kitambaa na kukipeperusha, na ndani hakuonekani. Ila kitambaa hicho kinafaa kwa sababu moja tu: anayekuja anasimama nje yake na kupiga hodi, na hainui mkono mpaka aambiwe karibu. Aya ya 27 ya Sura An-Nur inawaagiza waumini waombe ruhusa na kutoa salamu kabla ya kuingia nyumba zisizo zao, na desturi ya hodi imeenea hata kwa wasio Waislamu. Nusu ya stara yetu iko katika sauti ya mgeni. Pazia likipewa msaada huo laweza kuwa jepesi. Likinyimwa, linalazimika kuwa zito.

Wajapani ndio walioelewa jambo hilo kwa undani kuliko watu wote ninaowajua. Nyumba zao za zamani ziligawanywa kwa karatasi na mbao nyembamba, sauti zikipita, na watu wakafundishwa kutosikia yasiyowahusu. Katika Simulizi ya Genji, iliyoandikwa na Murasaki Shikibu mwanzoni mwa karne ya 11, wanawake wa ngazi ya juu huketi nyuma ya mapazia ya mianzi na wageni huzungumza nao bila kuwaona. Balaa moja kubwa la kitabu hicho linaanzishwa na paka: anakimbia, kamba yake inanyanyua pazia, na kijana Kashiwagi anamwona binti wa mfalme ambaye hakupaswa kumwona. Kosa halikuwa la pazia. Kijana alichagua kuendelea kutazama.

Kyoto, katika nyumba za wafanyabiashara ziitwazo machiya, mbele kuna kimia cha fito za mbao za wima, na upana wa nafasi zake ulitofautiana kwa biashara: muuza nyuzi alihitaji mwanga wa kuchagulia rangi, kwa hiyo fito zake za juu zilikatwa fupi, muuza mchele na mtengeneza pombe walitumia mbao nene. Lakini jambo la kuiga ni lile la majira. Joto likikaribia, kabla ya sherehe za Gion za mwezi wa Julai, milango ya karatasi huondolewa na kuhifadhiwa, badala yake hupachikwa milango ya matete na kutundikwa mapazia ya mianzi, ili hewa ya bustani ndogo ya katikati ipite nyumba nzima. Mji wenye baridi kali na joto kali unazo seti mbili za nguo za nyumba. Sisi tuna kaskazi na kusi, pepo mbili zenye tabia tofauti kabisa na zinazotoka pande tofauti, lakini pazia la sebuleni ni lile lile Januari na Julai, mara nyingi zito, lenye bitana, lililoshonwa kwa mfano wa nyumba za nchi zenye theluji.

Kimia chochote, kiwe cha Kairo, cha Jaipur au cha Kyoto, kina sharti moja ambalo umeme umelivunja. Kinasitiri maadamu nje kuna mwanga kuliko ndani. Zamani usiku uliingia na kibatari, mwanga hafifu, na nje kukawa giza. Hasara ilikuwa ndogo. Taa ya leo inageuza mambo: aliye ndani haoni nje, na wa nje anaona kila kitu. Vioo vya giza na vile vya kung'aa kama kioo cha kujitazamia vinatawaliwa na sharti hilo hilo, na juu yake vinaziba hewa. Kwa hiyo anayetaka kuliboresha dirisha lake aanze na taa. Washa taa ya barazani, iangaze uso wa nje wa kimia au wavu, na punguza ile ya ndani. Mwanga unaopiga kwenye wavu unakuwa utaji. Uso wa nje ukipakwa rangi nyeupe na wa ndani rangi iliyokolea, kazi inazidi kuwa nzuri: weupe unarudisha mwanga machoni mwa anayetazama kutoka nje, na weusi wa ndani haumzuii mwenye nyumba kuona.

Dirisha la aluminiamu la kuteleza, ambalo sasa ndilo linalowekwa karibu kila nyumba mpya, lina kosa la kuzaliwa. Hata ukilifungua lote, nusu ya uwazi imebaki kioo. Luva za vioo za nyumba za zamani zilifunguka karibu zote, zikainama, zikaruhusu hewa ipite huku mvua ikizuiwa. Najua lawama zake: vipande huchomolewa na wezi, vumbi hukaa, na haziwafai wenye kiyoyozi. Grili hujibu la kwanza, kitambaa chenye maji hujibu la pili, na mwenye kiyoyozi katika kila chumba hakuwa akitafuta upepo. Ningemshauri anayejenga leo aombe luva, za mbao ya mninga au mvule kama anamudu, angalau kwenye theluthi ya juu ya kila dirisha, na tundu jingine upande wa pili wa chumba, hata kama ni safu moja ya tofali za matundu juu ya mlango.

Mbu lazima watajwe, kwa kuwa malaria ingalipo kwetu. Anopheles gambiae hupenda kuingia kupitia uwazi ulio kati ya ukuta na paa, uwazi ule ule ambao katika nyumba ya Kiswahili ndio uliotoa hewa ya moto. Kuuziba kwa saruji kunawazuia mbu na kuifungia hewa. Kuuwekea wavu kunafanya yote mawili yawezekane, ila wavu hupunguza kasi ya upepo, na vumbi likiuziba huwa ukuta mwingine. Basi palipo na wavu uwazi uwe mkubwa zaidi, na wavu uwe wa fremu inayochomoka ili uoshwe.

Kwa wanaonunua mapazia ya vibao ya dukani, kamba zake zimewanyonga watoto wadogo katika nchi nyingi. Yachaguliwe yasiyo na kamba zinazoning'inia, na kitanda cha mtoto kisikae chini ya dirisha.

Wengi wetu, hata hivyo, tumepanga, na mwenye nyumba hatatuachia tung'oe fremu. Kwa mpangaji hekima ya Kairo inaingia kwa gharama ndogo. Pima kimo cha macho ya mtu aliyesimama nje ya dirisha lako, ongeza shibiri moja, na ufunge bomba la pili la pazia hapo, chini ya lile la juu. Kitambaa chenye uzito, kitenge cha rangi upendayo, kikae kwenye bomba la chini, kisifike sakafuni. Juu acha wazi, au tundika kile chepesi kinachopitisha hewa. Kama unayemhofia ni jirani wa ghorofa ya mkabala, fanya kinyume chake: zito juu, jepesi chini. Kinachohitajika ni bomba moja, misumari minne, na pazia ulilo nalo sasa likikatwa vipande viwili.